Kamera ya uwanja wa mji dirishani kwako: inavyofanya kazi, inachokula, na inachomdai mwenyewe

Kila mara kiungo cha kamera ya mubashara ya Shibuya, Tokyo, au Times Square, New York, kinapozunguka kwenye makundi ya WhatsApp, maswali huwa yaleyale. Mbona kwetu hakuna? Mtu akitaka kuweka moja dirishani kwake anahitaji nini? Hapo hatakosekana wa kudai kwamba watazamaji elfu moja watakumalizia bando kwa siku moja. Mwingine ataapa kwamba ukiwasha kamera umewafungulia wezi wa mtandaoni nyumba nzima. Wa tatu atakata shauri kwamba uwanja ni wa umma, kwa hiyo onyesha utakavyo. Wa kwanza amekosea kabisa. Wa pili ana nusu ya ukweli. Wa tatu ndiye wa kuogopwa, kwa sababu kosa lake linamwangukia mtu ambaye hata hajui kwamba kuna kamera.

Tuelewane kwanza tunazungumzia nini. Kamera ya mubashara ya uwanja imefungwa mahali pamoja, inatazama eneo lilelile usiku na mchana, na picha zake zinawekwa kwenye intaneti ili yeyote azitazame papo hapo au karibu na papo hapo. Picha za CCTV ya dukani zinaishia kwa mwenye duka na mlinzi wake. Hizi zinatoka nje kwa ulimwengu. Haifanani pia na mtu kwenda laivu kwa simu, kwa maana huyo anaonekana ameshika simu, anaongea, na akichoka anazima. Hii haina mtu nyuma yake. Inatazama tu, na upande wake mgumu umo humohumo.

Ziko za aina mbili, na wengi wanaijua moja. Ya kwanza hutuma picha mnato, tuseme moja kila dakika, na mpya inachukua nafasi ya iliyopita. Ndiyo aina ya zamani. Mwaka 1991 watafiti wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Cambridge waliielekezea kamera birika la kahawa ili wajue kama kuna kahawa kabla ya kushuka ngazi. Mwaka 1993 picha hizo zikaunganishwa na wavuti, na kamera ikadumu hadi ilipozimwa 2001. Picha yenyewe ilikuwa nyeusi na nyeupe, pikseli (nukta zinazounda picha) 128 kwa 128, ndogo kuliko alama ya programu kwenye simu ya leo. Hata hivyo watu wa dunia nzima waliitazama. Aina ya pili ni video inayotiririka bila kukatika, na hiyo ndiyo tunayoiona Shibuya.

Tuchukue mahali halisi tufanyie hesabu: uwanja wa Mkunguni, Lamu, mbele ya ngome iliyokamilika 1821. Wazee wamekaa kivulini, bao linachezwa, punda anapita na mzigo, watoto wanatoka madrasa. Mtu wa Lamu aliyeko Maskati, London au hata Nairobi angetoa kitu kuuona uwanja huo saa kumi jioni. Tuseme una chumba cha juu chenye dirisha linaloutazama.

Video ikitoka kwenye kamera bila kufinywa haibebeki. Ukubwa wa kawaida wa 720p una pikseli 1,280 kwa 720, na kamera inapiga picha 30 kila sekunde. Ikitumwa ilivyo, hiyo ni zaidi ya megabiti 660 kwa sekunde. Kwa hiyo kamera yenyewe, au kompyuta ndogo iliyo karibu nayo, huifinya mpaka kama megabiti 4. Inafanyaje? Inatuma picha kamili mara moja moja, na katikati inatuma mabadiliko tu. Ukuta wa ngome haujasogea, kwa hiyo hautumwi upya. Punda amesogea, anatumwa. Ndiyo maana mvua ikinyesha, au upepo wa kaskazi ukitikisa matawi, picha hugeuka vipande vya mraba vilivyochakaa. Watu hudhani kamera imeharibika. Haijaharibika. Kila jani limekuwa badiliko, na zile megabiti 4 hazitoshi kuyabeba yote.

Hapo kwenye megabiti ndipo wengi hupotea. Mtandao huuzwa kwa megabiti kwa sekunde, bando huhesabiwa kwa megabaiti na gigabaiti, na baiti moja ni biti nane. Megabiti 4 kwa sekunde ni nusu megabaiti kwa sekunde. Saa moja inakula gigabaiti 1.8, siku nzima gigabaiti 43.2, na mwezi wa siku 30 karibu gigabaiti 1,300. Hakuna bando la simu la matumizi ya nyumbani linaloweza kubeba mzigo huo kwa bei ya maana. Kwa video ya saa 24 unahitaji faiba au huduma nyingine ya malipo ya mwezi, na hata hapo soma maandishi madogo. Vifurushi vingi vinavyotangazwa kuwa havina kikomo hupunguziwa kasi ukivuka kiasi fulani.

Kasi yenyewe, usiangalie ile kubwa iliyo kwenye tangazo. Hiyo kwa kawaida ni ya kupakua, yaani ya kuleta vitu kwako, na kamera inahitaji ya kupakia. Ukipima kasi ya mtandao utaona namba mbili, na iliyo ndogo mara nyingi ndiyo ya kupakia. Ipime jioni, majirani wote wakiwa mtandaoni. Kwa video ya megabiti 4 usianze chini ya 8, la sivyo siku mtoto anapakia kazi yake ya shule picha itaganda.

Sasa yule wa watazamaji elfu. Kamera haimtumii kila mtazamaji nakala yake. Inatuma nakala moja kwenye seva za huduma ya kurushia, kwa mfano YouTube, na seva hizo ndizo zinazotengeneza nakala za ubora mbalimbali na kuzigawa. Ni sawa na kupeleka karatasi moja kwa mwenye fotokopi: atoe nakala kumi au elfu kumi, wewe umebeba karatasi moja. Awe mtazamaji mmoja au wawe laki, kwako zinatoka megabiti 4 zilezile. Safari hiyo ya kupitia seva ndiyo pia inayoleta ucheleweshaji. Mtazamaji anakiona kilichotokea sekunde kadhaa zilizopita, mara nyingine nusu dakika. Neno papo hapo lichukuliwe kwa kiasi.

Kama mtandao wako ni wa bando, picha mnato bado ni njia ya heshima. Picha moja ya kilobaiti 200 kila dakika ni megabaiti 288 kwa siku. Ukiweka kila dakika tano, haifiki 60. Kamera ya ukungu ya Chuo Kikuu cha Jimbo cha San Francisco imekuwa ikitoa picha za namna hiyo tangu 1994. Kwa maoni yangu Mkunguni inatoshwa na picha ya kila dakika: aliye mbali anataka kujua kama mvua imenyesha na kama wazee wamekaa, hahitaji kumfuata mpita njia hatua kwa hatua.

Stima si mzigo mkubwa. Kamera, kompyuta ndogo na ruta vyote pamoja vinaweza kuwa kwenye wati 20, ambazo ni uniti 14 na ushei kwa mwezi. Kinachosumbua ni kukatika. UPS ndogo, yaani betri ya akiba, ya ruta na kamera itavusha saa chache, lakini cha muhimu zaidi ni kupanga kila kifaa kiwake na kujiunga chenyewe umeme unaporudi. Kamera inayongoja mtu arudi safarini abonyeze kitufe itakuwa imezimwa nusu ya mwaka.

Mahali pa kuiweka pana mambo madogo yanayoharibu kazi nzima. Ukiiweka ndani nyuma ya kioo, zima taa zake za infraredi, zile za kuonea gizani, kwani usiku zinagonga kioo na kurudi, na utakachokiona ni weupe mtupu. Isogeze lenzi iguse kioo ili taa ya chumbani isiakisi. Ukiiweka nje, taa hizohizo huvuta wadudu, wadudu huvuta buibui, na utando mmoja mbele ya lenzi usiku hung'aa kama kamba nene iliyokatiza uwanja. Pwani ongeza chumvi: hewa ya bahari huacha ukungu kwenye lenzi usioondoka kwa kufuta kwa kitambaa kikavu, ambacho hukwaruza tu. Ioshe kwa maji yasiyo ya chumvi kwanza. Na kwa Lamu, ambayo mji wake mkongwe ni Urithi wa Dunia tangu 2001, usitoboe ukuta wa nje bila kuuliza wahusika wa uhifadhi. Dirishani kwa ndani kunakuepusha na hayo yote.

Turudi kwa mwenye hofu ya wezi. Nusu yake ya ukweli ni hii: kamera za mtandao zilizoachwa na nywila ya kiwandani ni balaa. Mwaka 2016 programu hasidi iliyoitwa Mirai iliingia kwenye kamera na ruta nyingi kwa kujaribu tu nywila za kiwandani zinazojulikana, kisha ikazitumia kuzilemea kampuni nyingine kwa maombi. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo kampuni ya Dyn, ambayo tovuti nyingi ziliitegemea ili anwani zao zipatikane, ilishambuliwa hivyo, na watu wengi, hasa Marekani, wakashindwa kuingia Twitter na Netflix. Wenye kamera wengi hawakujua lolote.

Nusu isiyo kweli ni kudhani kwamba kurusha ni kumfungulia mtu mlango. Ukipitia huduma ya kurushia, kifaa chako ndicho kinachotoka kupeleka video nje, na mtazamaji anaishia kwenye seva. Hana njia ya kuifikia kamera. Hatari inaingia pale mtu anapofuata maelekezo ya mtandaoni ya kufungua njia kwenye ruta ili watu waje moja kwa moja kwenye kamera. Usifanye hivyo. Badilisha nywila, sasisha programu ya kamera, iweke kwenye mtandao wa wageni wa ruta yako, mbali na simu na kompyuta za nyumbani. Ile namba ya siri ndefu unayopewa na huduma ya kurushia itunze kama PIN, kwa kuwa aliyenayo anaweza kurusha chochote kwa jina lako.

Sasa tufike kwa mtu wa tatu, yule wa "uwanja ni wa umma".

Anayekaa uwanjani amekubali kuonwa na waliopo uwanjani. Kuonwa na mtu asiyemjua aliyeko nchi nyingine, kila siku, saa ileile, na mtu huyo akiweza kuhifadhi alichokiona, hajakubali. Fikiria mwanamke aliyemkimbia mume mkorofi, au kijana anayedaiwa, au mtoto anayepita hapo kila siku saa tano kasoro robo akirudi nyumbani. Mtazamaji mmoja mwenye nia mbaya anahitaji wiki moja tu ya kutazama ili ajue nyendo zao. Wewe uliyeweka kamera kwa mapenzi ya mji wako ndiye umempa dirisha.

Habari njema ni kwamba jambo hili linapimika. Kiwango cha kimataifa cha kamera za ulinzi, IEC 62676-4 katika toleo lake la 2014, kinahesabu pikseli zinazoangukia kila mita ya mahali panapoonekana. Kwenye pikseli kama 25 kwa mita utajua kwamba pale kuna mtu. Kwenye 125 anayemfahamu atamtambua. Kwenye 250 hata asiyemfahamu ataweza kumbainisha. Gawanya upana wa picha kwa upana wa eneo. Picha ya pikseli 1,280 inayoonyesha mita 50 za uwanja ni kama pikseli 26 kwa mita: unaona watu, huoni nani. Lakini aliye chini ya dirisha lako, ambapo picha inafunika mita 10 tu, yuko kwenye 128, na uso wake umetoka. Kwa hiyo inua kamera mpaka sehemu ya karibu iondoke kwenye picha. Usinunue ya 4K kwa sababu tu ipo dukani, na usikubali kuvuta karibu hata watazamaji wakiomba. Hapa ubora wa picha ukizidi ni kasoro.

Mji mdogo una shida yake ambayo pikseli haziitatui. Lamu mtu hutambuliwa kwa mwendo, kwa anavyofunga kikoi, kwa fimbo yake na mahali anapopenda kukaa. Pikseli 26 zinawatosha jamaa zake kujua ni yeye, na aliye kando yake ni nani. Ndiyo sababu nyingine inayonifanya niipendelee picha mnato kuliko video, kwa kuwa picha mnato haina mwendo.

Ukitaka video, icheleweshe kwa makusudi. Programu kama OBS ina sehemu ya kuongeza muda wa kungoja kabla ya kurusha. Dakika kumi na tano hazimpunguzii raha aliyeko Maskati, ila zinamnyima anayevizia, kwa kuwa akimwona mtu uwanjani mtu huyo pengine keshaondoka. Na usidhani kwamba mubashara haihifadhiwi. YouTube huweka kumbukumbu ya matangazo yasiyozidi saa 12, mtazamaji anaweza kurudisha nyuma usipozima kipengele hicho, na yeyote anaweza kurekodi kioo cha simu yake. Zima unachoweza kuzima, kisha chukulia kwamba kila kilichotoka kimehifadhiwa na mtu.

Maikrofoni izime kabisa. Sauti zina mazungumzo ya watu ambao hawajui kuna sikio juu yao, na zina muziki wa spika za dukani pia. Mfumo wa hakimiliki wa YouTube huutambua muziki huo na unaweza kuyakatiza matangazo yako kwa wimbo ambao hukuuweka wewe.

Sheria nazo hazimpendelei mtu wa tatu. Katiba ya Kenya inalinda faragha kwenye Ibara ya 31, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu picha ya mtu anayetambulika kuwa taarifa yake binafsi. Matumizi ya kibinafsi na ya nyumbani tu yanasamehewa, ila kurushia dunia nzima ni vigumu kukuita kwa nyumbani tu. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilikitoza kilabu kimoja cha Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuchapisha picha ya mteja bila ridhaa, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, na Tume yake. Pia zipo kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2020 zilizorekebishwa 2022, kwa hiyo aliyeko huko aulizie TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kabla ya kuanza matangazo ya kudumu.

Walioko Ulaya wasidhani dirisha lao liko huru. Mtu mmoja wa Ucheki aliyekuwa akivunjiwa madirisha alifunga kamera chini ya paa lake, ikaonekana pia njia ya umma na mlango wa nyumba ya ng'ambo. Picha hazikurushwa popote, zilibaki kwenye diski yake, na ziliwasaidia polisi kuwapata washukiwa. Bado Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua 11 Desemba 2014 kwamba kamera inayoitazama njia ya umma imetoka kwenye mambo ya nyumbani tu. Haikusema kwamba hakuwa na haki ya kujilinda. Ilisema sheria ya taarifa binafsi inamhusu.

Jambo la mwisho ambalo wengi hawalifikirii mpaka likiwa limetokea: uwanja hauna siku za kawaida peke yake. Kuna ajali, kuna mtu kuzirai, kuna maandamano. Tarehe 25 Juni 2025 Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya iliamuru vituo vya televisheni na redio viache kurusha maandamano mubashara, na Mahakama Kuu ikaisimamisha amri hiyo. Vituo hivyo vina mawakili na wahariri. Wewe una dirisha. Mimi naamini umma una haki ya kuona kinachotendeka uwanjani, na kamera ya raia imewahi kusema kweli pale wengine waliponyamaza. Lakini picha hiyohiyo inayomwonyesha askari anayepiga inamwonyesha pia kijana anayekimbia na kichochoro anachoingilia. Amua mapema, ukiwa umetulia: nani anaweza kuizima, kwa sababu ipi, na je, utarekodi bila kurusha? Yaandike ubandike karibu na ruta, ili hata uliyemwachia nyumba ajue.

Na kabla ya kuiwasha, chapisha picha moja ya kile hasa kamera inachokiona uwapelekee wanaokaa pale: wazee wa bao, wenye maduka, mwalimu wa madrasa, mwenye nyumba ya ng'ambo. Waambie itaonekana wapi, inachelewa kiasi gani, haina sauti, na namba ya kukupigia ni ipi. Wengi watauliza tu kama na wao wataweza kuitazama. Akitokea wa kusema, "Mwanangu, hapa kwenye dirisha la mabinti zangu, hapana," kamera nyingi zina kiziba cheusi kinachochorwa juu ya sehemu yoyote ya picha. Kichore hapo, mbele yake, kisha mwonyeshe picha mpya.